Kuna Nini Ndani ya Harufu ya Waridi?

Somo la vikundi vya Thika na Ruiru. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mahali pa hesabu msimame mpige hesabu pamoja.

Somo la mara hii ni la kemia. Msiogope hilo neno. Kemia ni kujua kitu kimetengenezwa na nini, na mama anayejua kwa nini mandazi ya jana yaliumuka na ya leo yamekataa, huyo tayari ameianza. Tumelileta somo hili kwa sababu ya pesa za kikundi, wala hakuna mtihani.

Mwaka 2022 kikundi kimoja cha akina mama upande wa Ruiru kilituletea karatasi. Jamaa mmoja alikuwa amewatembelea mara mbili, amevaa vizuri, na kijichupa cha mafuta mfukoni. Akawafungulia kila mmoja anuse. Kisha akawaeleza: mashamba ya maua ya Ruiru, Juja na Thika hutupa waridi kila siku, yale yenye shina fupi, yaliyopinda shingo au yenye doa. Hayo mtayapata bure au kwa bei ya kutupa. Nunueni mtambo wangu, mpike, mtoe mafuta ya waridi, na Ulaya kijichupa kama hiki ni maelfu ya shilingi. Karatasi yake ilisema magunia matatu ya maua hutoa lita moja ya mafuta. Alitaka Sh. 60,000 za kuanzia, na mweka hazina alikuwa amekwisha kuzitoa benki.

Tuseme ukweli: sisi wenyewe tulipoisoma ile karatasi tulifurahi. Nani wa huku hajapita kando ya rundo la waridi zilizotupwa akasikia uchungu? Mwaka 2020, corona ilipofunga masoko ya Ulaya, maua yalimwagwa kwa matani. Basi tuliona kama baraka imelala chini inangoja kuokotwa, tukawaambia wale akina mama, "Endeleeni." Aliyetusimamisha ni cucu mmoja, mwanachama wa tangu kikundi kianze. Alichukua ua moja katika yale tuliyoletewa kama mfano, akalinusa, akaligeuza, akalinusa tena. Akatuuliza, "Sasa wanangu, hiyo harufu mnataka kutoa, iko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo tukaenda kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

HARUFU NI VITU

Tuanze na ua ambalo kila mtu ameshalitia mdomoni. Karafuu ya Unguja na Pemba ni tumba la ua, lililochumwa kabla halijafunguka, likaanikwa. Kile kinachotia jino ganzi ukiitafuna kinaitwa eugenoli. Katika mafuta ya karafuu, zaidi ya sehemu 70 kwa kila 100 ni eugenoli hiyo hiyo. Tena karafuu ina mafuta mengi ajabu: kilo moja ya karafuu kavu nzuri hutoa kama gramu 150 za mafuta. Kwa hiyo karafuu ni ua rahisi kulielewa. Kitu kimoja kikubwa, na kiko kwa wingi.

Waridi sivyo. Waridi linalotoa mafuta duniani ni hasa lile la Damasko, ambalo wataalamu huliita Rosa damascena. Hulimwa Bulgaria, Uturuki, Iran, na pia Taif huko Saudia. Ndani ya mafuta yake wataalamu wamehesabu vitu zaidi ya 300. Lakini wakubwa ni wachache. Kipimo cha kimataifa cha mafuta ya Bulgaria kinataka sitroneloli iwe kati ya sehemu 20 na 34 kwa 100, geranioli kati ya 15 na 22, na neroli kati ya 5 na 12.

Hawa watatu ni ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja ana kaboni kumi na oksijeni moja. Geranioli ana haidrojeni 18, na neroli pia 18, ila amekunjwa upande mwingine. Sitroneloli ana haidrojeni 20. Tofauti ndogo hivyo, na pua inaisikia! Ni kama watoto wa nyumba moja: sura karibu moja, lakini ukiishi nao unajua nani ni nani.

Baada ya hao kuna nta. Msishangae, waridi lina nta kama ile inayong'aa juu ya jani la sukuma wiki, na mvuke huibeba. Haina harufu ya maana. Kazi yake inaonekana baridi ikija: mafuta halisi ya waridi yakipoa chini ya nyuzi 20 hivi huanza kuganda, yanafanya vipande vipande kama mafuta ya nazi asubuhi. Yule jamaa alituachia kijichupa chake. Tulikiweka nje usiku mmoja wa Julai, na mnajua Julai ya Ruiru ilivyo. Asubuhi yalikuwa maji vile vile. (Lakini yakiganda pia usikimbilie kuamini, maana wajanja hutia nta makusudi.)

Halafu kuna wadogo. Mmoja anaitwa damaskenoni. Hafikii hata sehemu moja kwa 100 ya mafuta, lakini pua humsikia kuliko wale wakubwa. Mnajua pilipili moja kwenye sufuria nzima ya githeri? Huyo ndiye. Ndiyo maana ukichanganya sitroneloli na geranioli za dukani kwa vipimo sawasawa, bado hupati waridi. Unapata sabuni.

YANAVYOTOLEWA

Mafuta hayo hukaa katika ngozi nyembamba ya petali. Jua likipanda yanapeperuka, ndiyo maana wavunaji huingia shambani alfajiri. Petali hutiwa ndani ya mtambo pamoja na maji, huchemshwa, mvuke hupita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, na kinachodondoka upande wa pili ni maji yenye mafuta yanayoelea juu. Njia ni ile ile ya wapika chang'aa wa mtoni, ambao hatutawasema zaidi katika gazeti la kanisa.

Hapa pana jambo la kupendeza. Maji ya Thika, kwa kuwa tuko juu ya bahari kama mita 1,600, huchemka yakiwa nyuzi 95 hivi. Geranioli peke yake haichemki mpaka nyuzi 230. Sasa inatokaje kwenye sufuria ya nyuzi 95? Ni kwamba maji na mafuta hayachanganyiki, na kila kimoja husukuma mvuke wake bila kumngoja mwenzake. Nguvu zao zikijumlishwa hushinda uzito wa hewa mapema, na wote wawili huondoka pamoja. Maji huwa mengi, mafuta kidogo, lakini yanatoka bila kuungua.

Si vyote vinavyoelea. Katika petali mbichi kuna alkoholi moja iitwayo fenilethili, nayo ni nyingi sana. Lakini hupenda maji. Mkimaliza kupika, imeyeyuka ndani ya maji, na katika mafuta imebaki kidogo tu. Kwa hiyo yale maji hayamwagwi. Ndiyo maji ya waridi. Huko Oman, juu ya Jabal Akhdar, wakulima hupika waridi lao kila mwaka kuanzia Machi hivi hasa kwa ajili ya maji hayo, na ndugu zetu wa Mombasa na Lamu huyajua vizuri, maana hutiwa ndani ya mrashi yakanyunyiziwa wageni kwenye maulidi na harusi.

SASA HESABU

Chukueni kalamu. Waridi la Damasko, lile lile la kunukia, huhitaji kama tani tatu hadi tano za petali kutoa kilo moja ya mafuta. Tushike tani nne, yaani kilo 4,000. Kilo moja ya petali basi hutoa robo ya gramu. Haifiki hata kijiko cha chai, ni matone tu. Linganisheni na gramu 150 za karafuu.

Tulipima gunia moja la petali lililoshindiliwa, likawa kama kilo 20. Magunia matatu ni kilo 60. Kilo 60 mara robo gramu ni gramu 15. Yule jamaa aliandika lita moja. Lita moja ya mafuta ya waridi ina uzito wa gramu 850 hivi, kwa hiyo inataka kilo 3,400 za petali, yaani magunia 170. Alisema matatu! Na hapo bado tunampa waridi bora la Bulgaria, ambalo yeye hakuwa nalo.

KWA NINI LA KWETU HALINUKII

Maua ya mashamba yetu yana kazi nyingine. Yanatakiwa yasafiri kwa ndege, yafike mnadani, yasimame siku nyingi katika chombo cha maji nyumbani kwa mtu, shina limenyooka, kichwa hakijainama. Waliochagua mbegu kwa miaka mingi walichagua hayo. Harufu haikuwa kwenye orodha, na kitu kisichochaguliwa hupotea polepole, kama vile kuku wa mayai alivyosahau kuatamia.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa, wakiwa na kituo Chuo Kikuu cha Saint-Étienne, walichapisha uchunguzi kuhusu jambo hili. Walilinganisha waridi jekundu linalonukia, liitwalo Papa Meilland, na jekundu lisilonukia, Rouge Meilland. Katika lile linalonukia, kimeng'enya kimoja kilikuwa kazini kwa nguvu ndani ya petali, na bila hicho geranioli haitengenezwi. Katika lile jingine kilikuwa kimelala. Kwa hiyo kwa waridi kama hilo si kwamba harufu imefichika mahali ingoje mtambo mkali zaidi. Haijatengenezwa kabisa. Mtambo hauumbi kitu, hutoa kilichomo tu.

Yapo maua ya mashambani yenye harufu, hatukatai. Lakini yale ya kutupwa huja yamechanganyika, na mengi ni mabubu.

Hata hivyo tulitaka kuona kwa macho. Tuliazima mtambo mdogo, tukajaza petali za magunia mawili, tukapika tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Kuni zilikwisha, tukaongeza. Kilichotoka ni maji yenye harufu ya majani yaliyochemshwa. Juu yake hapakuwa na tone la kuonekana. Cucu alikuja, akanusa, akasema hii ni supu ya mboga. Kisha akaenda uani kwake, akarudi na ua moja la waridi lake la zamani, la rangi ya pinki, lenye kuchakaa siku mbili tu likichumwa. Chumba kizima kilinukia.

JAMBO LA HATARI

Hapa tunawaomba msikilize sana. Waridi la kuuzwa kwa kukatwa halikulimwa lije mdomoni wala usoni. Hupigwa dawa za ukungu, za utitiri, za wadudu, kwa sababu soko halitaki doa. Mwaka 2016 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya kupima maua yaliyouzwa nchini mwao. Walikuta aina 107 za dawa, na waridi ndilo lililokuwa baya kuliko yote, likiwa na wastani wa dawa 14 katika kila sampuli. Hayo ni maua yaliyouzwa madukani kama mazuri, sembuse yaliyotupwa.

Sasa fikiri mtu apike hayo, ajaze maji yake kwenye chupa, aandike "maji ya waridi", auze sokoni Thika kwa wasichana wapake uso. Baadhi ya dawa zinaweza kusafiri na mvuke, na ambaye amechemsha petali bila kuosha mikono amekwisha kuzigusa. Yale tuliyoyapika sisi hatukumpa mtu. Tulivaa glavu, na maji tukayafukia shimoni mbali na kisima. Akina mama wanaofanya kazi mashambani hawakuhitaji kuelezwa hili. Mmoja alisema kwamba nguo za kazini haziingii naye nyumbani. Mtoto hazigusi.

KARATASI MNAYOPASWA KUIDAI

Mtu akija na chupa, msibishane naye juu ya harufu. Mwambieni alete cheti cha maabara. Kuna mashine inayoitwa gesi kromatografia. Ndani yake kuna bomba jembamba kuliko tambi, urefu kama mita 30, limezungushwa kama kamba ya ng'ombe. Tone la mafuta likiingia, vitu vyake vyote huanza safari pamoja, kama matatu zilizotoka Thika saa moja. Zile nyepesi zinafika Ruiru mapema. Zile zinazosimama kila stejini zinachelewa. Mashine huandika kila kinapofika kitu, na karatasi hutoka na vilima, kirefu na kifupi. Mtaalamu akiviangalia anajua nani amefika na kwa kiasi gani.

Mkiletewa karatasi hiyo, mwulizeni mwalimu wa kemia wa sekondari ya karibu awasaidie kutafuta majina tuliyoyataja. Sitroneloli na geranioli zikiwepo lakini nta hakuna, na kukaonekana isomenthoni, hayo yanaelekea kuwa mafuta ya jeranio, ambayo ni rahisi zaidi na hutumiwa sana kughushi waridi. Hapo Juja tuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kilichoanza kama chuo cha kilimo na teknolojia mwaka 1981. Si mbali, nauli si kubwa. Nendeni mkaulize kabla ya kulipa, si baada. Kuna kikundi kingine upande wa Thika kilicholipa kwanza. Mtambo wao uko mpaka sasa katika banda la kuku, na kuku hulala juu yake.

Mkulima wa pareto angelielewa somo hili bila sisi. Pareto nayo ni ua, na kwa miaka mingi malipo yake yalikwenda kwa kiasi cha pairethrini iliyopimwa ndani, wala si kwa uzuri wa gunia. Hata maziwa ya deri hupimwa kabla ya kumwagwa kwenye tangi.

WALIOANZIA MAHALI SAHIHI

Tusije tukaonekana tunasema mafuta ya mimea ni ndoto. Kule Kakamega, kando ya msitu, kuna kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru. Wao walianza na mmea wa jamii ya mrehani, Ocimum kilimandscharicum, ambao wazee walikuwa wakiutumia kwa mafua. Watafiti wa icipe, hao walio Kasarani kando ya barabara ya Thika, walishirikiana nao. Majani yale yana kafuri kwa wingi, kile kitu cha dawa ya kuchua. Walipanda mmea mashambani mwao badala ya kuumaliza msituni, wakakamua mafuta kwa mvuke, na dawa ya kuchua iliyotokana nayo, Naturub, ikafika madukani. Mwaka 2010 Muliru walipata Tuzo ya Ekweta ya Umoja wa Mataifa. Angalieni mpangilio wao: kwanza kujua kilichomo, kisha mmea, mtambo mwisho. Sisi huku tulianza na mtambo.

Wale akina mama wa Ruiru walirudisha Sh. 60,000 benki. Walikasirika kidogo, na zaidi walitukasirikia sisi tuliowaambia waendelee, nao walikuwa na haki. Baadaye walipanda vipandikizi 30 vya jeranio ya harufu kando ya ua wa kanisa. Mafuta ya jeranio hutoka kwenye majani, na ndani yake wamo wale wale sitroneloli na geranioli. Kilo moja ya mafuta huhitaji kilo 500 hadi 1,000 za majani, ambayo si kidogo, lakini jani hukatwa likachipua tena. Bei yake haifikii ya waridi hata kwa mbali. Bado hawajapika. Wanapima kwanza kila shina linatoa majani kilo ngapi kwa mwaka, na cucu ndiye anayeshika daftari.

Kwa mkutano wenu ujao, kila mmoja aje na ua au jani moja la kwake linalonukia. Fungeni macho mnuse, mseme linakumbusha nini: ndimu, karafuu, dawa ya kuchua, sabuni. Likunjeni vidoleni mnuse tena, maana mengine hutoa harufu yakiumizwa tu. Kisha jadilianeni: shambani mwenu kuna kilo ngapi za hilo? Likipikwa, litatoa gramu ngapi, na nani amelipima akawaonyesha karatasi? Mkipata jibu mtuandikie kupitia parokia yenu.